Dirisha Halikujengwa Ili Lizibwe

Imeenea miongoni mwa watu wa Meru na Embu, kuanzia Maua na Nkubu hadi Runyenjes na Siakago, rai moja ambayo kwa kuwa husemwa na kila mtu haiulizwi tena na yeyote, nayo ni kwamba mtu akirithi au akinunua nyumba ya zamani, iwe ya mawe yenye madirisha ya chuma au ya mbao yenye paa la mabati, jambo la kwanza limpasalo ni kuivika sebule yake mapazia mazito, marefu kutoka darini hadi sakafuni, tena ya tabaka mbili, lile zito la rangi na lile jepesi la wavu nyuma yake, na kitambaa kipite mipaka ya dirisha kifunike na ukuta wa kando, ili uzee wa nyumba usionekane. Fundi wa cherehani huisema rai hii, muuza vitambaa huikariri, akina mama wa chama waliochanga fedha zao ili wampambie mwenzao sebule huithibitisha kwa mikono yao wenyewe, na mke aliyeolewa katika boma la wakwe zake huambiwa, kabla hajazizoea njia za shamba, kwamba dirisha lililo tupu ni aibu ya mwenye nyumba.

Sitaki kuidhulumu rai hii, maana wanaoishika ni watu wenye akili na nia njema, na hoja zao zastahili kutajwa kama wanavyozitaja wao. Wasema kwamba nchi hii iliyo chini ya Mlima Kenya ina baridi, na pazia zito huizuia. Kwamba jua la ikweta ni kali, na pazia zito huokoa viti na vitambaa vya mezani visipauke. Kwamba nyumba inahitaji sitara, na jirani hana haki ya kuona tulacho. Kwamba mgeni, hasa mgeni wa posa, huipima familia kwa macho kabla ya kupokea kikombe cha chai. Na kwamba nyumba ya zamani, kwa kuwa haina umbo la kisasa, haina budi kuazima usasa kwa kitambaa. Hoja hizi tano, zikisemwa zote kwa pamoja, zasikika kama ukuta usiopenyeka, lakini kila moja ikitazamwa peke yake hubainika kuwa ama ni kweli nusu, ama inaipinga ile iliyo jirani yake.

1. Juu ya baridi

Hoja ya baridi ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na kwa hiyo naianza. Ni kweli kwamba tangu Juni hadi Agosti mawingu huteremka kutoka mlimani, ukungu ukatanda Chogoria, Manyatta na Kianjokoma, na jua lisionekane siku kadhaa mfululizo, hata mtu aketiye sebuleni jioni akatamani kila kizuizi kipatikanacho kati yake na kioo. Ni kweli pia kwamba kitambaa kizito kikivutwa usiku hupunguza ubaridi utokao kwenye kioo hicho. Lakini mwenye kuitoa hoja hii hajauliza baridi yaingia wapi katika nyumba ya zamani, naye angeuliza angepata jibu kwa kuinua macho tu, maana aghalabu nyumba hizi zina paa la mabati lisilo na dari chini yake, au lenye dari ya mbao nyembamba zilizokwisha kuachana kwa miaka, na joto lote la watu, la chai na la taa hupanda likatoka huko juu, ilhali chini ya mlango mna mwanya upitao vidole viwili, na katika nyumba za mbao kila ubao umekauka ukajitenga na mwenziwe. Mtu atumiaye akiba yake yote kwa mapazia ya dirishani na kuliacha paa wazi amelinda upande ulio mdogo, akauacha ulio mkubwa.

Hayo ni ya hasara tu. Ya hatari ni mengine. Waliozijenga nyumba hizi waliacha juu ya kila dirisha matundu ya hewa, yaliyozibwa kwa wavu wa waya ili wadudu wasiingie, na hawakuyaacha kwa kusahau, bali kwa kuwa walijua kwamba dirisha hufungwa usiku na wakati wa mvua, na kwamba watu wanane waliolala au kuketi katika nyumba iliyofungwa wanahitaji hewa ipitayo pasipo kuombwa. Fimbo ya pazia la kisasa hupigiliwa juu ya matundu hayo, karibu na dari, kwa kuwa ndivyo picha zinavyoonyesha na kwa kuwa urefu huo hulifanya dirisha lionekane kubwa, na kitambaa kikishuka huyafunika matundu na kioo kwa pamoja; na wako wanaokwenda mbele zaidi, wakayaziba kwa magazeti au kwa saruji, wakidai kwamba yanapitisha vumbi na kuchafua kitambaa kipya. Hapo nyumba imeacha kupumua. Mvuke wa pumzi na wa nguo zilizoanikwa ndani kwa ajili ya ukungu hauna pa kutokea, hugeuka maji juu ya kioo kilichopoa usiku, hutiririka kwenye fremu ya chuma ukazaa kutu chini ya puti, huinywesha pindo la pazia lililoegemea kioo, na baada ya msimu mmoja wa baridi mwenye nyumba huona madoa meusi ya kuvu nyuma ya kitambaa, akaulaumu uzee wa nyumba kwa maradhi ambayo nyumba hiyo haikuwa nayo katika miaka arobaini iliyotangulia.

Kuna la kutisha kuliko kutu na madoa. Mwezi wa Julai, watu wa huku huingiza sebuleni jiko la makaa, nao hufanya hivyo jioni, milango ikiwa imefungwa na mapazia yamevutwa. Makaa yanapowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika na damu mahali pa oksijeni, na mtu aliyeivuta huumwa na kichwa, husinzia, kisha hashtuki tena. Kila msimu wa baridi habari za vifo vya namna hii husikika katika nchi yetu, na kila mara lawama huwekwa juu ya jiko peke yake. Jiko halipaswi kuingizwa ndani, nami nalisema hilo bila kusita. Lakini maadamu watu huliingiza, matundu yale yaliyo juu ya dirisha huenda yakawa ndiyo tofauti kati ya familia iamkayo na familia isiyoamka, na fundi apendekezaye kuyafunika kwa ajili ya urembo amependekeza jambo asilolijua uzito wake. Laiti ningekuwa na hoja hii moja tu dhidi ya mapazia ya kutoka darini, ningeridhika nayo.

2. Juu ya jua

Watu walewale waliosema kwamba pazia zito ni kinga ya baridi husema, ukiwakuta katika joto la Ishiara au Siakago, kwamba ni kinga ya jua, na kitambaa kilekile kilichotundikwa Kibirichia, ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande wa baridi, hutundikwa huko chini ambako mtu hulala mlango wazi. Dawa moja iagizwayo kwa homa na kwa baridi yabisi, kwa mtoto na kwa mzee, humfanya mwenye busara amtilie shaka mganga.

Tena hawaulizi dirisha limeelekea wapi. Mji wa Meru umekaribiana na mstari wa ikweta, na Embu uko kusini yake kwa nusu digrii tu, na kwa sababu hiyo jua letu lina mwendo wake mahsusi ambao haufanani na wa nchi zilikobuniwa picha za mapazia. Mwezi wa Machi na wa Septemba hupita utosini. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini, na wa Desemba kusini, lakini hata siku ya kuegemea kwake kabisa, saa sita mchana huwa bado limepanda digrii 66 na nusu juu ya upeo wa macho. Maana yake ni kwamba ukingo wa paa uliochomoza futi mbili tu nje ya ukuta huteremsha kivuli cha futi nne na nusu, na kivuli hicho kimelifunika karibu dirisha zima la kaskazini au la kusini, kabla mtu hajanunua hata mita moja ya kitambaa. Wazee waliojenga kwa paa pana na baraza mbele ya sebule walikuwa wamekwisha kulitatua shauri la jua la mchana, na anayeliziba dirisha la upande huo kwa ajili ya jua analikinga na adui asiyefika.

Jua linaloingia ndani kwa nguvu ni la mashariki na la magharibi, kwa kuwa huja likiwa chini, likapita chini ya paa. La mashariki, katika nchi ya ukungu, ni neema: hukausha unyevu wa usiku na kuwapa joto wazee wanywao uji. La magharibi ndilo lipaushalo viti zaidi, na ndilo peke yake linalohitaji kitambaa kizito, tena kwa muda wa saa mbili au tatu za alasiri, si kwa mwaka mzima. Kwa nyumba yenye madirisha manne ya sebule, basi, hoja ya jua ikipewa haki yake yote hushinda dirisha moja, na hayo matatu mengine imeyateka bila hoja.

Na gharama ya kuyateka ni giza. Katika sebule nyingi za huku mtu hukutana na taa iwakayo saa nne ya asubuhi, mtoto akiinamia kitabu chake chini ya balbu ilhali nuru ya bure imejaa uani, na bibi mwenye mtoto wa jicho akipapasa meza kutafuta miwani. Pwani, ambako joto ni kali kuliko letu na hewa ni nzito, watu wa Mombasa na Unguja hawakulitundikia dirisha blanketi. Walilitengenezea milango ya mbao yenye vibao vilivyolala mshazari, vinavyozuia mwali na kupitisha upepo, na sebule zao zikawa na kivuli chenye hewa. Nyumba nyingi za mbao za Meru zina milango kama hiyo ya dirisha, ijapokuwa ya ubao mzima, nayo hung'olewa siku ya kwanza ya ukarabati ili fimbo ndefu ipate nafasi.

3. Juu ya sitara

Sitara ya nyumba ni haki, nami siipingi. Lakini mchana mtu aliye nje kwenye mwanga hawezi kuona ndani ya chumba kilicho na nuru ndogo kuliko aliko, isipokuwa aje abandike uso kiooni, na mtu wa namna hiyo hazuiliki kwa pazia bali kwa adabu. Kitambaa chepesi cha nusu ya chini ya dirisha chatosha na kupita. Usiku hali hugeuka, kwa kuwa taa iko ndani na giza liko nje, na hapo ndipo pazia linapohitajika kweli, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jua litakapotua hadi watu walale. Yule ambaye mapazia yake hufungwa mchana kutwa na usiku kucha amechanganya nyakati mbili zilizo kinyume, na amejinyima nuru ya muda wa saa kumi na mbili kwa ajili ya haja ya muda wa saa nne.

4. Juu ya heshima na usasa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, maana baridi na jua ni visingizio vilivyokuja baadaye, na mapenzi ya pazia zito yalizaliwa na hofu ya kuonekana mshamba.

Nyumba za jadi za Wameru na Waembu hazikuwa na madirisha. Zilikuwa za duara, za miti na udongo na nyasi, na nuru yake iliingia kwa mlango. Dirisha la kioo lilikuja na nyumba za misheni, kama za Wamethodisti waliofika Meru mwaka 1912, na za Wapresbiteri wa Chogoria walioanza kazi yao mwaka 1922, na likaenea kwa walimu, makarani na wahudumu wa hospitali waliojenga kwa kuiga. Kisha ikaja kahawa. Waafrika wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930, baada ya kuzuiliwa kwa muda mrefu ili wasishindane na walowezi, na baridi kali ilipoiunguza mibuni ya Brazil mnamo Julai 1975, bei ikapanda duniani kote katika miaka miwili iliyofuata, wakulima wa miteremko hii wakapokea fedha ambazo baba zao hawakuziota. Wengi wao walizigeuza mawe ya kuchongwa, mabati mapya na madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo na komeo za shaba, na juu ya kila dirisha la sebule seremala akatengeneza boksi la pazia, mara nyingi kwa mbao za mti uleule uliokatwa shambani, la kuficha waya na ndoano.

Hizo ndizo nyumba tunazoambiwa leo tuzifiche. Kila dirisha la chuma katika nyumba ya namna hiyo lililipiwa kwa mbuni uliopaliliwa, kwa buni iliyochumwa kwa mkono na kubebwa kiwandani mgongoni, na mwanamke aliyeibeba aghalabu yu hai bado, ameketi katika sebule hiyohiyo, akitazama mjukuu wake akiling'oa boksi na kulifunika dirisha kutoka juu hadi chini kwa sababu halifanani na madirisha ya nyumba mpya za Nairobi. Mgeni wa posa aliyeingizwa katika sebule ya giza, yenye harufu ya kitambaa kisichofuliwa, ameonyeshwa fedha zilizotumika, na ameonyeshwa pia kwamba wenyeji wanaionea haya nyumba iliyowalea. Mimi siamini kwamba hiyo ni heshima. Dirisha lililosuguliwa kutu likapakwa rangi, vioo vikang'aa, boksi likapigwa msasa na kutiwa mafuta, humwambia mgeni kwamba familia hii hutunza ilichoachiwa, na sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa watu wanaokuja kuomba au kutoa mke.

Ama usasa, na usemwe ulikotoka. Pazia la tabaka mbili lifikalo sakafuni ni la nchi ambazo mwezi wa Desemba usiku wake huwa wa saa kumi na sita, kama London, ambako nyumba hupashwa moto na joto hilo hulipiwa, na pazia hulihifadhi. Mapazia ya mitumba yanayofunguliwa katika soko la Gakoromone yalikatwa kwa vipimo vya madirisha ya huko, na mnunuzi akiona yanazidi dirisha lake kwa mita nzima hakatai kitambaa, bali hukubali kwamba dirisha lake ndilo fupi. Urefu huo, basi, ambao huuzwa kwetu kama kanuni ya uzuri, ulitokana na mahitaji ya watu wengine, katika hali ya hewa nyingine, na ukatufikia kama mabaki.

5. Juu ya gharama

Nje ya zile hoja tano, husemwa pia kwamba pazia zuri ni ununuzi wa mara moja. Na tuhesabu. Dirisha la upana wa mita moja na nusu, ili pazia lake liwe na mikunjo, lahitaji mapana mawili ya kitambaa cha mita moja na nusu. Likikatwa kufika kwenye kizingiti cha dirisha, pamoja na pindo, ni mita 1.6 kwa kila pana, yaani mita 3.2, likikatwa kutoka darini hadi sakafuni ni mita 2.7 kwa kila pana, yaani mita 5.4. Kwa madirisha matatu la kwanza latumia mita 9.6 na la pili mita 16.2, na likiwa la tabaka mbili hufika mita 32.4, zaidi ya mara tatu ya lile fupi, hapo ukuta wa kando haujafunikwa wala fimbo nene haijanunuliwa. Nyumba ya mbao, ambayo ubao wake umezeeka, haishiki skrubu za fimbo nzito kwa muda mrefu. Baada ya miezi michache hulegea, na matengenezo huanza.

Kisha kuna kufua, ambako hakuna muuzaji anayekutaja. Vumbi la udongo wetu mwekundu halichagui sebule, na pazia lifagialo sakafu hulikusanya kila siku. Mita thelathini za kitambaa kizito haziingii katika beseni, hazikamuliki kwa mikono ya mtu mmoja, na katika ukungu wa Julai hazikauki kwa siku tatu. Kwa hiyo hazifuliwi, na mtoto mwenye pumu hulala karibu nazo. Kitambaa chenyewe aghalabu ni cha nyuzi zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli, ambacho kikishikwa na mwali wa mshumaa usiku umeme ulipokatika huyeyuka na kudondoka kikiwaka. Na jambo hili linaniuma zaidi kwa kuwa Tharaka na Mbeere, zilizo mlangoni petu, ni nchi zilizopata kulima pamba, na wakulima wake waliona soko likiporomoka ilhali sebule za ndugu zao wa juu zikijazwa kitambaa kilichotoka ng'ambo.

6. Basi litundikwe nini

Wenye rai ile wataniuliza kama nataka madirisha yaachwe uchi. Hasha. Nataka kila dirisha liulizwe haja yake. La mashariki, la kaskazini na la kusini yatosheke na pamba nyepesi, ya rangi isiyo nzito, iliyokatwa kupita kizingiti kwa upana wa kiganja, ikining'inia katika waya uleule ulio ndani ya boksi lilelile, ili asubuhi isukumwe yote kando, kioo kibaki wazi na dirisha liweze kufunguliwa. La magharibi lipewe kitambaa kizito zaidi, chenye bitana, cha kuvutwa alasiri na usiku. Penye milango ya mbao ya dirisha, ibakizwe, kwa kuwa hakuna kitambaa kizuiacho baridi ya usiku kama ubao uliofungwa kwa komeo. Fedha zitakazosalia zipelekwe kwenye dari, kwenye puti ya vioo na kwenye mwanya wa chini ya mlango, ambako baridi yenyewe huingia.

Pasiwepo fimbo yoyote ipitayo juu ya matundu ya hewa. Yaliyozibwa yazibuliwe, wavu wake usafishwe kwa brashi kabla ya Juni. Na yule ambaye mapazia yake marefu yamekwisha kutundikwa na kulipiwa hana haja ya kuyatupa wala ya kununua mengine: na aiteremshe fimbo ikae chini ya matundu, amwite fundi akate kitambaa kwenye kizingiti, na katika vipande vitakavyobaki atapata pazia la chumba cha watoto na la jikoni.